Zimwi Likujualo: Je, Michezo ya Njozi Yahitaji Diplomasia na Kompyuta?



Likizo ya shule iliyopita nilikwenda kumtembelea dada yangu Leicester. Mvua haikukatika siku tatu, na mpwa wangu, kijana wa miaka 12, alikuwa ameikalia kompyuta yangu akicheza mchezo wa zamani niliomwekea mwenyewe, Master of Magic, uliotoka mwaka 1994. Siku ya pili jioni akanifuata jikoni, uso umemvimba. "Mjomba," akasema, "yule mchawi nimempa dhahabu mara tatu. Nimempa na sihiri yangu moja. Tumewekeana mkataba. Sasa kanivamia mji wangu. Kwani nimemkosea nini?"

Nilitaka kumwambia kwamba ile ni mashine tu, haina chuki wala mapenzi. Nikajizuia, kwa sababu mchezo wenyewe ndio uliomwambia kinyume chake. Ulimwonyesha uso wa mtu, ukamsemesha kwa adabu, ukampa nafasi ya kupeleka zawadi na kufunga mapatano. Mtoto aliamini alichoonyeshwa. Basi swali lake si la kitoto hata kidogo, nami nimeona tulijadili hapa: je, michezo ya mkakati ya njozi inahitaji diplomasia na wapinzani wanaoendeshwa na kompyuta? Au ni pambo tu, na afadhali liondolewe?

Kwa wale ambao watoto wao ndio wachezaji, nitaeleza kwa ufupi. Katika michezo hii mtu hutawala dola ya kubuni yenye wachawi, majoka na mazimwi. Hujenga miji, huchimba dhahabu, hutuma majeshi, na kila mmoja hucheza kwa zamu. Wapinzani wake aghalabu huendeshwa na kompyuta. Wapo wachezaji wanaoshikilia kwamba kuzungumza na wapinzani hao ni kupoteza wakati, maana kompyuta haina neno la kuaminika. Wapo wengine wanaosema kwamba ulimwengu usio na mazungumzo ni uwanja wa mapigano tu, na njozi bila maagano si njozi. Hata hadithi za bibi zetu zimejaa maagano: jini na mvuvi, sungura na fisi. Kila upande una haki yake, kwa hiyo tuwaite mashahidi.

Shahidi wa kwanza ni Heroes of Might and Magic III, uliotungwa na New World Computing na kutolewa na 3DO mwaka 1999. Humo huna namna ya kuzungumza na mfalme mpinzani. Hakuna mkataba, hakuna kuomba suluhu. Nani yuko upande wa nani hupangwa kabla ya mchezo kuanza, na mambo hubaki hivyo mpaka mwisho. Na bado mchezo huu unapendwa miaka zaidi ya 20 baadaye, hata Ubisoft wakautoa upya kwa sura iliyong'arishwa mwaka 2015. Huo peke yake ni ushahidi kwamba mchezo wa njozi unaweza kuwa bora bila meza ya mazungumzo.

Cha kuchekesha ni kwamba ndani yake mna ujuzi uitwao Diplomasia, ila hautumiki kwa wafalme. Unatumika kwa makundi ya viumbe yaliyotawanyika nyikani. Jemadari wako akikutana nao, huenda wakapigana, huenda wakakimbia, au huenda wakaomba kujiunga nawe, bure au kwa malipo. Hutazama ukubwa wa jeshi lako, hutazama ujuzi wako, na hutazama kama tayari una jamaa zao katika safu zako. Vilevile, vita vikikuelemea mbele ya jemadari wa mpinzani, unaweza kusalimu amri kwa kulipa dhahabu. Jeshi lako linapona, naye anapokea fedha, kisha unamkodi upya jemadari wako kwa dhahabu 2,500. Mwenye ujuzi wa Diplomasia hulipa pungufu. Hiyo ndiyo biashara ya pekee unayoweza kufanya na adui, na ni biashara safi: kila upande unapata chake papo hapo, wala hakuna anayeahidi jambo la kesho.

Lakini ushahidi wangu mkubwa juu ya mchezo huu hauko ndani ya mchezo. Mwaka 2004 tulikuwa vijana wanne tukikaa nyumba moja ya kupanga mashariki ya London. Wawili walikuwa wakifanya kazi usiku, wawili mchana, na kompyuta ilikuwa moja. Heroes III unaruhusu watu kuachiana kiti: mmoja hucheza zamu yake, wengine wakageuza nyuso wasichungulie, kisha humpisha mwenzake. Kwa kuwa mchezo wenyewe haukuwa na mapatano, tuliyafanya sisi, kwa midomo yetu, kwa Kiswahili. "Usivuke lile daraja wiki mbili, nami sitagusa mgodi wako." "Apa kwanza!" "Naapa!" Yalikuwa mabishano ambayo jirani wa chini aliwahi kuja kuyalalamikia.

Usiku mmoja mwenzetu alikuwa ameniahidi hivyo hivyo, wiki mbili asivuke daraja. Siku ya kumi mimi nikauacha mji wangu mtupu, nikapeleka jeshi lote kaskazini. Akaja na zamu yake, akauona mji ulivyo wazi, akakaa kimya kwa muda. Hakuvuka. Wiki iliyofuata yule wa tatu alimmaliza, na laiti angeuchukua mji wangu angeweza kujiokoa. Nilipomwuliza baadaye, akanijibu kwa mkato kwamba asubuhi tungekula sinia moja.

Jawabu lile ndilo kipimo changu tangu siku ile. Ahadi huwa na maana pale anayeahidi anapokuwa na kitu cha kupoteza akiivunja. Mwenzetu alikuwa na jina lake, na alikuwa na sinia la wali asubuhi. Kompyuta haili nasi. Haioni haya. Ukiuzima mchezo na kuuwasha upya imekusahau kabisa. Kwa hiyo anayetaka kuweka diplomasia katika mchezo wa mtu mmoja ana deni kubwa: ni lazima abuni kitu kitakachosimama mahali pa aibu.

Sasa tumrudie mchawi aliyemliza mpwa wangu. Master of Magic ulitungwa na Simtex na kutolewa na MicroProse, na kwa wakati wake ulijaribu jambo kubwa. Unacheza na wachawi hadi wanne, katika dunia mbili, Arcanus na Myrror. Kila mchawi ana tabia yake: yupo mpenda amani, yupo mwenye kufuata sheria, yupo mkatili, yupo wa vurugu asiyetabirika. Unaweza kufunga mapatano na kuunda ushirika, kubadilishana sihiri, kutoa zawadi au vitisho. Ipo hata sihiri iitwayo Subversion, ambayo kazi yake ni kuwafanya wengine wamchukie mtu fulani, yaani fitina hasa, fitina kama tuijuavyo sisi. Mwisho wa yote, mchawi anapoanza kuisoma ile sihiri kuu ya kuitawala dunia, wengine wote hupata habari, na hapo urafiki wa jana hauna kazi tena. Hiyo ni diplomasia iliyotokana na njozi yenyewe, haikuazimwa kwa mabalozi wa dunia yetu.

Kasoro yake ni kwamba hesabu imefichwa. Mpwa wangu alitoa zawadi tatu, na hakuna mahali alipoonyeshwa zilipokwenda. Je, zilipokewa kwa shukrani? Je, alimwudhi mchawi yule kwa kujenga mji karibu na mpaka? Je, tabia yake tu ilimgeuza? Tulikaa pamoja tukatafuta, tukarudi tulikoanzia. Usaliti si kosa la mtunzi. Hadithi nzuri zina wasaliti. Kosa ni usaliti usio na kisa, kwa sababu mtu hawezi kujifunza kitu kutokana nao. Mtoto anaondoka na somo moja tu: kwamba wema ni dhahabu iliyotupwa baharini.

Watunzi wa baadaye waliliona tatizo hili, wakalitibu kwa kuonyesha hesabu. Katika Civilization IV wa mwaka 2005, kila mtawala wa kompyuta huonyesha sababu zake kwa alama za kujumlisha na kutoa: umefanya biashara naye, alama zinapanda, umemsaidia adui yake, zinashuka. Mchezo ule si wa njozi, lakini juu ya msingi wake Derek Paxton na wenzake walijenga Fall from Heaven II, ambao ni njozi tupu, na hesabu ile ikaingia nao. Soren Johnson, aliyeongoza ubunifu wa Civilization IV, alitoa mhadhara mwaka 2008 mbele ya watunzi wenzake akieleza tofauti kati ya kompyuta inayocheza ili ishinde na kompyuta inayocheza ili mchezaji aufurahie mchezo. Nadhani hapo ndipo penye kiini cha ubishi wetu. Mpinzani anayetaka ushindi tu ni lazima avunje kila mkataba siku ambayo kuuvunja kunalipa. Huwezi kumlaumu, na huwezi kuzungumza naye. Anayeweza kuzungumzika ni yule aliyepewa nafsi, mwenye mambo anayoyapenda na anayoyachukia hata kama hayamletei ushindi.

Hata hivyo hesabu ikiwekwa wazi kupita kiasi huzaa ugonjwa mwingine. Tazama Total War: Warhammer III, kazi ya Creative Assembly ya mwaka 2022. Unapomwendea mtawala mwingine kwa mapatano, mchezo hukuonyesha kwa tarakimu jinsi anavyoipima ofa yako. Ikiwa chini ya sifuri, unaongeza dhahabu mpaka mizani igeuke, naye anakubali. Hutupi hata senti moja ya ziada. Nakiri ni raha, na inaokoa muda. Lakini mazungumzo yamekuwa kama kununua nyanya kwenye duka kubwa la huku ughaibuni: bei imeandikwa, hakuna kubembelezana, hakuna kujuana, hakuna nyongeza ya mwishoni. Mtu unayefanya naye mkataba unaweza usimtazame usoni. Nilicheza saa nyingi nikafunga mikataba mingi, na leo sikumbuki hata mmoja.

Ninachokumbuka katika mfululizo ule ni kitu kingine. Tangu mchezo wa kwanza wa mwaka 2016, anayewatawala Dwarfs, yaani wale mbilikimo wa milimani, huwa na kitabu cha visasi. Maudhi waliyotendewa huandikwa humo, na yasipolipwa watu wao wenyewe hunung'unika na kuleta ghasia. Maana yake ni kwamba siasa zako za nje zinaingia nyumbani kwako. Unaweza kuona faida ya kunyamaza na kusahau, lakini watu wako hawatakuruhusu. Hapo mtunzi amepata badala ya aibu: ameweka macho ya watu nyuma ya mgongo wa mtawala, kama vile sisi wanne tulivyokuwa na sinia letu.

Age of Wonders 4, uliotungwa na Triumph Studios ya Uholanzi na kutoka mwaka 2023, unafuata njia inayokaribiana na hiyo. Watawala huwekeana malalamiko, na malalamiko hayo ndiyo huhalalisha vita. Ukianzisha vita bila kisa, jina lako linachafuka. Napenda mpango huu kwa sababu unamtaka mchezaji naye awe na sababu. Mpwa wangu alidai sababu kutoka kwa mchawi. Humo na yeye angedaiwa.

Lakini shahidi ninayempa daraja la juu ni Endless Legend wa mwaka 2014, kutoka Amplitude Studios ya Paris. Mchezo huu haukuwapa mataifa yote meza moja ya mazungumzo. Uliweka diplomasia ndani ya maumbile ya kila taifa. Roving Clans ni wafanyabiashara wanaohamahama, na miji yao hubebwa migongoni mwa wadudu wakubwa. Hao hawawezi kutangaza vita. Nguvu yao ni soko, wengine wanaponunua na kuuza wao hupata fungu lao. Necrophages ni kundi la viumbe walaji, na kwao neno amani halipo. Ukipakana nao, hufikirii zawadi, unafikiria ukuta. Drakken, wenye damu ya majoka, wanao uwezo wa kumlazimisha mwingine asimamishe vita, kwa gharama ya ushawishi waliojiwekea akiba.

Angalia faida yake. Mchezaji haulizi, "Je, huyu atanidanganya?" Anauliza, "Huyu ni nani?" Jawabu linapatikana kwa kumjua jirani, na ukishamjua unaweza kupanga maisha yako kando yake. Wazee wetu walisema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Methali hiyo kwa kawaida tunaichukulia upande mmoja, upande wa zimwi kutujua sisi. Mtunzi mwema wa michezo huishika pande zote mbili: zimwi likujue, nawe ulijue zimwi. Yasipokuwapo hayo, wala pasiwe na mazungumzo. Tupigane tu, kama katika Heroes III, na tusidanganyane.

Basi hukumu yangu ni hii. Mchezo wa mkakati wa njozi hauhitaji diplomasia na kompyuta ili uwe mzuri. Heroes III umetuonyesha, na zaidi ya hapo umetuonyesha kwamba ukimya wa mashine unaweza kuwapa watu nafasi ya kusemezana. Lakini mtunzi akishaiweka meza ya mazungumzo, amechukua dhima. Mpinzani awe na kumbukumbu ya nilichomtendea. Sababu zake niweze kuzijua, japo si lazima kwa tarakimu. Na kuvunja ahadi kumgharimu aliyevunja, awe yeye au mimi. Meza isiyo na mambo hayo matatu iondolewe, kwani inafanya ubaya kuliko kutokuwapo.

Najua wapo watakaosema, "Bwana we, ni mchezo tu, mbona unaupa uzito hivi?" Ningekubali, lau nisingejua maisha ya nyumba zetu huku. Dada yangu hutoka kazini saa mbili usiku. Mtoto hurudi kutoka shule akakuta nyumba ina ufunguo na chakula kwenye friji. Kwa saa nne za kila siku, wa pekee anayempa ahadi na kupokea ahadi yake ni yule mchawi kwenye skrini. Sisi tulipokuwa na umri wake tulikuwa na baraza, tulikuwa na uwanja wa mpira wa makaratasi, na aliyevunja neno alijulikana mtaa mzima kabla ya magharibi. Huyu hana mtaa wa namna hiyo. Kwa mtoto kama huyu siwezi kusema diplomasia ya kompyuta ni upuuzi, na itolewe kabisa. Nasema iwe na adabu.

Siku ya tatu, mvua ikiwa bado inanyesha, niliufungua Heroes III kwenye kompyuta ile ile, nikamweka yeye na dada yake wa miaka tisa waachiane kiti. Dada mtu hakuwa na haja ya kufundishwa. Zamu ya tano akamwambia kaka yake kwamba hatauchukua mgodi wake wa dhahabu kama na yeye atauacha wa kwake. Kaka mtu akanitazama mimi, kama anayeuliza jambo.

"Mjomba," akasema, "na huyu akinigeuka je?"

Nikamwambia, "Huyu unaishi naye."

Akafikiri kidogo, kisha akamgeukia mdogo wake. "Apa kwanza," akamwambia.

Aliapa. Mgodi aliuchukua zamu ya kumi na mbili, na mpaka naondoka Leicester walikuwa wakilizungumza jambo hilo: nani alianza, kwa nini, na atalipa vipi. Mchawi wa Master of Magic hakuna aliyemtaja tena.

Tukijaaliwa, tuonane toleo lijalo.